Jeshi likichukua lori la mkulima, nini hutokea shambani?

Jembe la Mkono (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila tukizungumzia vita humu tunahesabu vifaru, ndege na waliouawa. Leo naomba tuangalie jambo linalopita kimyakimya: serikali inapotwaa malori, trekta, farasi na mashua za raia kwa ajili ya vita, shamba linabaki na nini? Jambo hili linaniuma, kwa sababu anayekufa kwa njaa mwaka mmoja baadaye hahesabiwi kuwa kafa vitani.

Hoja yangu ni hii. Hasara ya gari la shambani lililochukuliwa haipimwi kwa bei ya gari. Inapimwa kwa kazi ambayo ilipaswa kufanyika wiki ile na haikufanyika. Lori likichukuliwa mazao yakiwa ghalani na kurudishwa kabla ya mbegu na mbolea kuanza kusafirishwa, mkulima atalalamika lakini atavuka. Lori hilohilo likichukuliwa wiki ya mavuno, kuna chakula kitakachooza, na mwakani kuna ekari ambazo hazitalimwa.

Tuanze na mwaka 1914. Uingereza iliingia vitani Agosti 4, na Agosti kule ni mwezi wa kuvuna ngano. Jeshi lake lilikuwa na farasi wapatao 25,000. Katika muda usiozidi wiki mbili hivi lilikuwa na takriban 165,000. Kasi hiyo iliwezekana kwa sababu farasi walikuwa wameshahesabiwa kabla ya vita: nani anaye, yuko wapi, ana nguvu kiasi gani. Maofisa walifika mashambani wakijua wanachokitafuta, wakachukua wale wazima na wenye nguvu. Ujerumani iliita farasi wapatao 715,000 mwanzoni mwa vita, na Urusi zaidi ya milioni moja.

Sasa fikirini farasi wa kukokota ni nini kwa shamba la wakati ule. Ndiye trekta, ndiye lori, ndiye mashine ya kuvunia. Na huwezi kuagiza mwingine kiwandani. Jike hubeba mimba miezi kumi na mmoja, na mtoto hafai kwa kazi nzito mpaka afikishe miaka mitatu au minne. Aliyechukuliwa 1914 pengo lake huzibwa 1918 au 1919, tena ikiwa majike bora walibaki nyumbani kuzaa.

Ujerumani ilifika majira ya baridi ya 1916–17 watu wakila tanipu, mizizi ambayo kwa kawaida ilikuwa chakula cha mifugo. Sisemi farasi peke yao walisababisha hilo. Meli za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari, naitreti ya mbolea kutoka Chile haikuingia, viazi viliharibika kwa ugonjwa, na wanaume walikuwa kwenye mahandaki. Lakini yaunganisheni haya: mbolea hakuna, mlimaji hakuna, na mnyama wa kukokota plau hayupo. Kila upungufu unazidisha uzito wa mwenzake. Nguvu kazi ikipungua ndipo unapohitaji mnyama au mashine zaidi, na hicho hasa ndicho kilichochukuliwa.

Mfano wa pili ni Urusi ya Kisovieti, na huu ndio mkubwa kuliko yote kwa upande wa mashine. Mashamba ya ushirika hayakuwa na trekta zao. Yalihudumiwa na vituo vya serikali vya mashine na trekta. Juni 1941 Ujerumani iliposhambulia, orodha ya mashine zote ilikuwa mikononi mwa dola. Kufikia mwanzo wa Julai uchumi wa kiraia ulikuwa umetoa magari takriban 234,000 na trekta zipatazo 31,500. Trekta za minyororo, ambazo ndizo zilizokuwa na nguvu ya kuvunja ardhi ngumu, zilikwenda kuvuta mizinga. Madereva wa trekta walifanywa madereva wa vifaru, maana ujuzi ulikuwa unakaribiana. Viwanda vya trekta vya Stalingrad na Chelyabinsk vikawa vinatoa vifaru. Shamba lilipoteza mashine, mwendeshaji na kiwanda cha spea kwa wakati mmoja.

Vijijini wakabaki wanawake, watoto na wazee. Ng'ombe wa maziwa walifungwa plau. Kuna mahali wanawake walivuta plau wenyewe kwa kamba. Nafaka ilishuka kutoka takriban tani milioni 95 mwaka 1940 hadi karibu tani milioni 30 kwa mwaka 1942 na vivyo hivyo 1943. Sehemu kubwa ya anguko hilo ilitokana na Wajerumani kushika Ukraine na maeneo mengine yenye rutuba, hilo lazima lisemwe. Lakini hata mikoa ambayo adui hakuikanyaga ilivuna kidogo kwa ekari, na hapo ndipo pengo la mashine lilipo. Jeshi lililishwa kwanza. Mwanakijiji alikula kilichobaki.

Karibuni tujadili.

Mtetezi wa Mipaka

Mkuu, nakuelewa, lakini nakupinga kidogo. Vita ni vita. Mwaka 1914 Wajerumani walipoikaribia Paris, Jenerali Gallieni, aliyekuwa msimamizi wa ulinzi wa mji huo, alikusanya teksi kama 600 zikabeba askari kwenda kwenye mapigano ya mto Marne. Basi za London zipatazo 900 zilikwenda Ufaransa na Ubelgiji kubeba wanajeshi. Nchi ikianguka, huyo mkulima atamlimia nani? Askari asipofika mstari wa mbele kwa wakati, shamba lenyewe litakuwa la adui. Urusi isingetoa yale malori, leo tungekuwa tunazungumza historia nyingine.

Jembe la Mkono

Mtetezi, sijasema jeshi lisichukue. Nimesema lijue linachukua nini. Mifano yako yote miwili ni ya mjini. Teksi ikiondoka Paris siku mbili tatu, abiria atatembea kwa miguu, kisha dereva anarudi kazini. Ngano iliyoiva haimsubiri mtu arudi.

Na ipo nchi iliyojifunza. Uingereza hiyohiyo, ilipofika 1917 manowari za Ujerumani zinazamisha meli za chakula, serikali ikaona shamba nalo ni uwanja wa vita. Iliagiza kwa Henry Ford, mtengeneza magari wa Marekani, trekta 6,000 za kufidia nguvu iliyoondoka mashambani, na jeshi la wanawake wa kulima likaundwa. Vita vya pili vilipoanza 1939 hawakusubiri miaka mitatu. Kamati za kilimo za kila wilaya ziliundwa mwanzoni kabisa, wafanyakazi wenye ujuzi wa shamba wakazuiwa kuandikishwa jeshini ovyo, na trekta zikaongezwa badala ya kupunguzwa. Zilikuwa kiasi cha 56,000 mwaka 1939, zikafika takriban 200,000 vita vilipokwisha. Nchi ni ileile, adui ni yuleyule. Safari ya pili trekta ilihesabiwa kuwa silaha tangu mwanzo.

Dereva wa Masafa

Naomba kuchangia upande wa magari yenyewe, maana hii ndiyo kazi yangu.

Watu wanadhani jeshi likichukua malori 30 kati ya 100, usafiri umepungua kwa asilimia 30. Si hivyo. Mkaguzi wa jeshi hachukui gari bovu. Anachukua jipya, lenye tairi nzima, injini isiyovuja, linalopanda mlima na mzigo. Yale 70 yaliyobaki, mengi yalikuwa yanaishi kwa kuazima spea za hayo 30. Kwa hiyo mwezi wa pili yanaanza kusimama moja moja.

Halafu kuna dereva na fundi. Gari likichukuliwa mara nyingi dereva huenda nalo. Fundi mzuri naye jeshi linamtaka. Halafu dizeli na tairi, ambavyo vita hupandisha bei au huvimaliza kabisa. Unaweza kumwachia mkulima lori lake uani na bado ukawa umemnyang'anya, kwa sababu halina mafuta.

Na kuna tabia ya mwenye gari. Habari zikienea kwamba magari yanachukuliwa, anayefungua tairi anafungua, anayeficha pampu ya dizeli anaficha, mwingine anakataa safari za mbali asije akakamatwa njiani. Lori lipo, kwenye orodha linasomeka, lakini mzigo haubebi. Hapo hakuna askari aliyegusa kitu, ni hofu peke yake imefanya kazi.

Mama Ghala

Dereva wa Masafa umegusa penyewe. Na mimi niongeze upande wa mazao, kwa sababu hayafanani.

Pamba ikikaa ghalani mahali pakavu inaweza kusubiri lori kwa miezi. Mahindi makavu pia yanasubiri, ila yakivunwa na unyevu na yasipate usafiri wala pa kukaushia, kuvu inaingia na sumu yake haiondoki kwa kupika. Muwa ukishakatwa unaanza kupoteza sukari, unatakiwa ufike kiwandani ndani ya siku moja au mbili. Majani ya chai ni ya siku ileile. Maziwa ni saa chache. Muhogo ni ajabu yake: ukiwa ardhini unakaa miezi bila shida, ukishang'olewa siku mbili tatu umeharibika.

Kwa hiyo afisa anayechukua malori ya eneo la miwa na anayechukua malori ya eneo la pamba hawajafanya kitu kimoja, hata kama idadi ni sawa. Ndiyo maana vita vikirefuka wakulima hurudi kwenye mazao yanayovumilia, mizizi hasa, na kuacha yale yanayotegemea gari. Familia inakula. Mji na kiwanda vinakosa. Na ukiacha miwa au chai miaka miwili mitatu, kulirudisha shamba ni kazi ya miaka mingi.

Mwanafunzi wa Historia

Mleta uzi, umetaja mashua mwanzoni kisha hujarudi kwazo. Naomba niulete mfano wa Bengal, maana kwangu huu ndio mfano mchungu kuliko yote.

Mwaka 1942 Japani ilikuwa imeshaiteka Burma. Serikali ya Uingereza nchini India iliogopa Wajapani wangeingia kupitia delta ya Bengal wakitumia vyombo vya wenyeji. Ikaamuru mashua zote za wilaya za pwani zinazoweza kubeba zaidi ya watu kumi zichukuliwe, zihamishwe au ziharibiwe. Mashua zipatazo 45,000 ziliondolewa katika matumizi. Baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe pia vilichukuliwa katika baadhi ya maeneo.

Delta ile ni maji kila upande. Mashua ndiyo njia yenyewe. Mkulima alipanda mashua kwenda kulima mpunga kwenye visiwa vya mito, akapanda mashua kupeleka mpunga sokoni. Mvuvi alikosa chombo cha kazi. Mfanyabiashara wa mchele hakuweza kutoa penye ziada kupeleka penye upungufu. Mchele wa Burma ulishakatika, Oktoba 1942 kimbunga kikapiga Midnapore, bei zikapanda kuliko uwezo wa kibarua. Mwaka 1943 njaa iliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni mbili na tatu.

Na Wajapani hawakuja kwa njia hiyo. Mashua ziliondolewa kumzuia adui ambaye hakutokea, na walioachwa bila usafiri ni wenye nchi.

Jembe la Mkono

Asante sana, Mwanafunzi. Nilikuwa nimepanga kuufikia, lakini umeueleza vizuri kuliko ambavyo ningeueleza mimi.

Wakuu, tazameni tofauti iliyopo hapo. Kwa Urusi chombo kilichukuliwa kikatumike. Kwa Bengal kilichukuliwa ili kisitumike na yeyote. Aina hii ya pili naiona mbaya zaidi, kwa sababu haina kikomo cha asili. Jeshi linalohitaji malori 500 likiyapata linasimama. Jeshi linalotaka adui asipate hata chombo kimoja haliwezi kusimama mpaka limemaliza vyote.

Mjukuu wa Mpagazi

Na pale ambapo hapakuwa na gari wala mnyama? Katika vita vya kwanza vya dunia huku Afrika Mashariki mbung'o waliua ng'ombe na farasi wa kukokota, barabara hazikuwepo, malori yalikuwa machache na yalikwama kwenye matope. Ikabidi mtu ndiye awe gari. Waingereza na washirika wao waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na hesabu rasmi ya waliokufa upande huo inazidi 95,000, wengi kwa magonjwa na njaa. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao.

Wale walikuwa wakulima. Aliyebeba sanduku la risasi hakuwa shambani kwake kupalilia. Ugogo, eneo la Dodoma ya leo, ulipitiwa na majeshi yote mawili, kila moja likachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wenye nguvu, kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, wenyeji wakaiita Mtunya, iliua watu wengi mno. Kwa hiyo hoja ya mleta uzi kwamba kinachochukuliwa si gari tu bali kazi ya msimu naikubali kwa uchungu, maana huku kwetu msimu ulichukuliwa pamoja na mlimaji mwenyewe.

Kijana wa Leo

Wakuu, na Vita vya Kagera je? Tunasikia kwamba magari ya watu na mashirika yalichukuliwa. Yaliumiza kilimo kweli, au uchumi ulikuwa umeshayumba tayari?

Jembe la Mkono

Swali zuri, na lazima lijibiwe kwa uangalifu.

Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Novemba 2 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga vipo. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliagiza mikoa ikusanye kila nyenzo kwa ajili ya vita. Malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari, mgambo, risasi na chakula kaskazini magharibi. Jeshi lilipanuka likapita watu 100,000, na wengi wa mgambo wale walitoka moja kwa moja kwenye majembe.

Angalieni ramani na kalenda. Uwanja wa vita ulikuwa pembeni kabisa mwa nchi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandari ya Dar es Salaam. Lori lililokwenda huko halikurudi wiki ileile. Novemba ndiyo korosho inavunwa kusini, na ndiyo mvua zinaanza katika mikoa mingi, mbegu na mbolea zinatakiwa zifike. Vita viliendelea mpaka Kampala ilipokombolewa Aprili 11, 1979, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni, mavuno mapya yakiwa yameshaanza kukusanywa. Yaani vita vililala juu ya msimu mzima wa kilimo, kupanda mpaka kuvuna.

Lakini kusema vita peke yake vilivunja kilimo si haki. Vyama vikuu vya ushirika, vilivyokuwa vinakusanya mazao kwa malori yao, vilivunjwa 1976. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, pamoja na shirika la reli la pamoja. Bei ya mafuta duniani ilipanda tena 1979. Bei ambayo serikali ilimlipa mkulima haikumvutia. Kisha ukame ukaja. Shirika la Taifa la Usagishaji lilinunua mahindi zaidi ya tani 200,000 katika msimu wa 1977/78 na tena 1978/79. Kufikia 1980/81 lilikuwa linanunua takriban nusu ya hapo. Sehemu ya mahindi hayo hayakukosekana, yalipita njia za magendo kwa sababu bei ya huko ilikuwa nzuri zaidi.

Ninavyoona mimi, magari yalichukuliwa kutoka kwenye mfumo ambao ulikuwa umeshapoteza akiba yake ya usafiri. Ndiyo maana pigo lilikuwa kubwa kuliko idadi ya magari yenyewe. Na yaliyorudi yalirudi yamechoka, wakati fedha za kigeni za kununulia spea zilikuwa zimekwisha. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda miezi 18. Hali ngumu ilidumu kwa miaka. Vita vile vilikuwa vya haki na ningeunga mkono tena magari yachukuliwe, lakini mkulima aliyekaa na gunia lake kando ya barabara akisubiri lori naye alilipa gharama ya ushindi ule, na hana mnara.

Wakili wa Kijiji

Upande wa sheria kwa ufupi. Kanuni za The Hague za 1907 zinahusu jeshi linaloikalia nchi ya watu: lichukue tu kwa mahitaji yake, kwa kiasi kinacholingana na uwezo wa eneo, na lilipe taslimu au litoe stakabadhi. Vyombo vya usafiri vinaweza kutwaliwa hata kama ni vya mtu binafsi, ila lazima virudishwe na fidia ilipwe amani ikipatikana. Itifaki ya Kwanza ya 1977, ya nyongeza kwa Mikataba ya Geneva, inakataza kuharibu au kuondoa vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo, ikitaja chakula, mashamba, mazao, mifugo na miundombinu ya umwagiliaji. Trekta na lori havijatajwa kwa jina.

Serikali inapochukua magari ya raia wake yenyewe, hiyo ni sheria ya ndani ya nchi, na hapo ndipo pa kukazia macho. Fidia karibu kila mahali hukadiriwa kwa thamani ya gari, na hulipwa vita vikiisha, pesa ikiwa imeshashuka thamani. Mazao yaliyooza kwa kukosa gari hilo hayaingii kwenye hesabu. Na fidia huenda kwa mwenye gari. Wakulima ishirini waliokuwa wakimkodi kila msimu hawana karatasi yoyote ya kudai.

Dereva wa Masafa

Hapo kwa wakulima ishirini, Wakili, umesema jambo kubwa. Kijijini lori moja si la mtu mmoja. Likiondoka, mwenye lori ana stakabadhi mkononi, wale wengine wana mahindi uani. Kama ningeulizwa, ningetaka orodha ya magari ya dharura ya nchi yoyote iandikwe pamoja na kazi ya kila gari na miezi yake: hili linabeba miwa mwezi fulani mpaka mwezi fulani, lisiguswe hapo, nje ya hapo chukueni. Jeshi lina watu wa mipango, hawashindwi kusoma kalenda ya kilimo.

Mtetezi wa Mipaka

Hilo naliunga mkono bila shaka. Nilidhani mnataka mkulima asiguswe kabisa. Ila niulize: vita vikianza ghafla, kama Ukraine Februari 2022, nani ana muda wa kusoma kalenda?

Jembe la Mkono

Ukraine ni jibu kwako, mkuu. Uvamizi ulikuja wiki chache kabla ya kupanda mazao ya majira ya kuchipua. Magari ya raia yalihitajika jeshini, dizeli ikawa adimu, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Kremenchuk kikapigwa mwanzoni mwa Aprili, na baadhi ya mashamba yalikuwa na mabomu ya kutegwa. Hata hivyo sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa salama ilipandwa. Mojawapo ya sababu ni kwamba mashamba yaliruhusiwa kuwabakiza baadhi ya wafanyakazi muhimu wasiandikishwe jeshini, waendesha trekta wakiwemo. Uamuzi huo ulifanyika katikati ya mabomu. Kalenda husomwa kabla, wakati wa amani, kama ambavyo orodha ya magari huandikwa kabla. Uingereza ya 1914 ilikuwa imeshahesabu kila farasi anayefaa kuvuta mzinga. Kuhesabu pia ni wangapi lazima wabaki ili ngano iingie ghalani kungehitaji daftari lilelile na safu moja zaidi.